Umeme wa taa za dagaa: jenereta ya petroli, karabai, betri au dizeli?

Mwenye chombo cha dagaa anayetaka kubadilisha taa zake ana njia nne. Abaki na karabai, taa ya pampu inayotumia mafuta ya taa. Anunue jenereta ndogo ya petroli, ile ya kubeba mkononi. Ahamie kwenye betri na sola. Au, kama chombo ni kikubwa, afunge jenereta ya dizeli. Dukani mazungumzo huishia kwenye bei na dhamana. Muuzaji hakuulizi mvuke wa petroli utatulia wapi chombo kikiyumba, wala moshi utaelekea wapi saa nane za usiku, mabaharia wamejifunika turubai wakingoja dagaa wakusanyike kwenye mwanga. Hapa maswali hayo mawili yanatangulia bei, kwa sababu bei ukikosea utalipa mara moja, lakini hayo ukikosea, anayelipa ni baharia.

Nitoe msimamo mapema. Chombo cha wazi kinachowasha taa chache za LED hakina haja ya kubeba jenereta ya petroli. Chombo chenye mzigo mkubwa wa umeme usiku kucha bado kinaihitaji, na hapo ndipo kazi ya kuiweka sawasawa inapoanza.

Piga hesabu ya wati kwanza

Wengi hununua jenereta ya kilowati mbili au tatu kwa sababu jirani anayo, halafu wanaitumia kuwasha taa nne. Hesabu yenyewe haichukui dakika mbili. Taa tatu za LED za wati 20 kila moja, zikiwaka kwa muda wa saa tisa, zinakula wati-saa 540. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 hivi, kwa hiyo inamaliza usiku na chenji inabaki. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya ukubwa huohuo isishushwe chini ya nusu, vinginevyo inakufa mapema, hivyo ina wati-saa 600 za kutumika. Inafika asubuhi, lakini kwa kubanana.

Sasa chukua chombo kikubwa cha pwani chenye taa za jumla ya wati 1,000. Saa tisa ni wati-saa 9,000, yaani betri saba au nane za lithiamu za ukubwa ule. Hapo hakuna atakayekushawishi kuacha jenereta, na mimi sijaribu.

Mpaka wangu ni huu: mzigo chini ya wati 200, nenda kwenye betri bila kufikiri mara mbili, ukizidi wati 600 usiku kucha, jenereta. Katikati ndipo penye ubishi, na ushauri wangu ni kupunguza mzigo kabla ya kuongeza mashine. Balbu ya halojeni ya wati 500 inaweza kubadilishwa na LED ya wati 100 hivi na mwanga ukabaki kama ulivyokuwa. Ukibadilisha balbu mbili za namna hiyo, umeshuka kutoka wati 1,000 hadi 200, na pengine jenereta uliyokuwa ukiitafutia pesa haihitajiki tena.

Karabai

Karabai imevua dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi na bado ipo. Taa moja inakunywa lita moja hadi moja na nusu ya mafuta ya taa kwa usiku, kioo chake hupasuka kwa tone la mvua, na mwanga wake hauifikii LED nzuri. Mafuta yenyewe yalipanda sana Tanzania mwaka 2011, pale serikali ilipoongeza kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli na petroli. Mvuvi hakuwa akichakachua chochote, lakini bei ilimkuta ziwani hukohuko.

Kwa upande wa usalama, karabai ina jambo moja ambalo jenereta ya petroli haina. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Yakimwagika usiku chini ya chombo, yatanuka na kuteleza, ila hayatalipuka kwa cheche. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndiyo maana dumu lililobeba petroli jana halifai kujazwa mafuta ya karabai leo. Mabaki kidogo tu ya petroli yanatosha kuibadilisha taa uliyoizoea kuwa kitu kingine kabisa, hasa ukiwa unaipiga pampu huku inawaka.

Kama bado unatumia karabai na unafikiria kuhama, usipitie kwenye jenereta. Nenda moja kwa moja kwenye betri.

Jenereta ya petroli ya kubeba

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo inayouzwa kwa wingi na ndiyo yenye mitego mingi.

Jenereta hizi zimetengenezwa kwa ajili ya uani, dukani na sherehe. Tangi limekaa juu ya injini, mfuniko wake una tundu la kupumulia, na kabureta ikitikiswa hudondosha. Uani hayo si kitu. Chomboni, kila wimbi linapokitikisa, petroli kidogo hutoka, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu kwenda zake. Unashuka katikati ya mataruma, mbavu za mbao za chombo, na kutulia ngamani, mahali pa chini kabisa ambapo upepo haufiki. Mvuke ukifikia kama asilimia moja na nusu ya hewa ya pale, unangoja cheche tu. Na cheche zipo: sigara, jiko la chai la mabaharia, waya uliolegea, na jenereta yenyewe, ambayo swichi, brashi na bomba lake la moshi havikuzibwa kama vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini.

Kwa hiyo jenereta ya petroli haikai chini ya sitaha, haikai ndani ya sanduku, haikai ndani ya kibanda cha chombo hata mlango ukiwa wazi. Vilevile usiivike turubai mvua inapoanza. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi, tena linafanywa kwa nia njema, ili mashine isilowe. Turubai linafungia joto, mvuke na moshi mahali pamoja. Kama unataka kuikinga, iwekee kipande cha bati juu kwenye miguu minne, pande zote zikiwa wazi, umbali wa kutosha kutoka kwenye bomba la moshi.

Jambo la pili ni moshi, na hili wavuvi wengi hawaliogopi kwa sababu wako nje kwenye upepo. Gesi inayoua ni kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Unachonusa kwenye moshi ni vitu vingine. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ukiivuta kidogo kidogo kwa muda mrefu inajikusanya. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji huonya kwamba jenereta moja ya kubeba inaweza kutoa gesi hii sawa na magari mamia. Na kuwa nje si kinga: mwaka 2000, kwenye Ziwa Powell nchini Marekani, watoto wawili wa familia moja walikufa wakiogelea nyuma ya boti, karibu na mahali moshi wa jenereta ulipokuwa ukitokea.

Sasa tuitazame chomboni. Chombo kilichotia nanga omoni, yaani mbele, hugeuza omo kuelekea upepo, na hewa inapita kutoka omo kwenda tezi, yaani nyuma. Jenereta ikiwa omoni, moshi wote unapita juu ya watu. Ikiwa tezini, bomba likielekezwa nje, moshi unaondoka. Rahisi. Lakini tezini ndipo ilipo mashine ya boti na matangi yake ya petroli, ndipo nahodha anapokaa, na ndipo madumu ya akiba yanapolazwa. Umeondoa hatari ya moshi, umeleta moto karibu na mafuta. Njia ya kutoka ni kuhamisha mafuta, wala si jenereta: tangi linalotumika libaki upande mmoja wa tezi, jenereta iwe upande wa pili juu ya ubao ulioinuliwa, na madumu ya akiba yaende katikati au omoni, yamefungwa na yamekingwa jua. Kama chombo ni chembamba kiasi kwamba pande hizo mbili zinagusana, hicho si chombo cha kubeba jenereta.

Kuna mengine mawili ambayo hata tezini hayakuachi salama. Kibanda au turubai lililosimamishwa hufanya hewa ipite juu na pembeni, halafu nyuma yake izunguke na kurudi ndani ikiwa na moshi. Mtu aliyelala pale anadhani amekingwa na baridi. La pili ni shwari. Usiku wa maji kutulia ndio usiku wa dagaa, na ndio usiku ambao moshi hauendi popote, unabaki umelala juu ya chombo. Upepo ukibadilika usiku, kama upepo wa nchi kavu unavyofanya pwani na ziwani, chombo kinazunguka na kila ulichopanga jioni kinageuka. Anayelinda zamu aangalie moshi unaelekea wapi kila baada ya muda, si taa peke yake.

Wanaotumia mtumbwi wa taa, ule unaoachwa na taa wakati chombo cha nyavu kinazunguka, wamejirahisishia nusu ya tatizo: jenereta iko mbali na watu wengi. Nusu nyingine inabaki kwa yule mmoja anayeachwa mle. Yeye yuko karibu na mashine kuliko mtu yeyote, peke yake, na akizidiwa hakuna wa kumwona. Kama inawezekana, yeye akae chombo kikubwa na mtumbwi wenye jenereta uvutwe kwa kamba ndefu upande ambao upepo unaelekea. Isipowezekana, asilale, akae upande unakotoka upepo, na muitane kwa sauti au kwa tochi. Kelele za jenereta zinameza wito wa mtu, kwa hiyo tochi ni bora.

Dalili za moshi huu ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu na akili kuchanganyika. Ukizisoma harakaharaka utasema ni malaria, au bahari imemchafua, au jamaa amelewa. Vitu vitatu vinaitofautisha: watu wawili au zaidi wanaanza kwa wakati mmoja, anayeumwa ni baharia ambaye bahari haijawahi kumtapisha, na akisogezwa kwenye hewa safi anapata nafuu. Ukiona hayo zima mashine, mpeleke mgonjwa upande wa hewa safi, na mgeukie nchi kavu. Akiwa hapumui, mbonyeze kifua na kumpulizia pumzi bila kusita. Kumnywesha maziwa hakusaidii kitu hapa. Sumu haiko tumboni, iko kwenye damu. Hospitali inamtibu kwa oksijeni: kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya gesi hiyo, kwa oksijeni ya hospitali ni saa moja na kitu. Na kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni kisikudanganye: hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi kwenye damu, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Waambie wahudumu wazi kwamba mlikuwa na jenereta.

Kengele za kutambua gesi hii zipo, ndogo, za betri. Kwenye chombo chenye chumba cha kulala ni lazima, na zitafutwe zile zilizotengenezwa kwa vyombo vya majini, maana za nyumbani hazipendi chumvi. Kwenye chombo cha wazi sizitegemei sana. Moshi unaweza kupita juu ya watu na usiiguse kengele.

Halafu kuna suala la kuongeza mafuta, ambalo ukiniuliza ndiyo dakika mbaya kuliko zote. Tangi la jenereta ndogo lina lita nne hivi. Ikila nusu lita au zaidi kwa saa, tangi linaisha saa saba baadaye, na usiku wa kuvua ni saa tisa au kumi. Kwa hiyo kila usiku kuna wakati wa kujaza, katikati ya giza, chombo kikiyumba. Mmoja ana tochi mdomoni, mwingine ameshika dumu la lita tano, na faneli ni chupa ya maji iliyokatwa kitako. Bomba la moshi lililo sentimita chache kutoka kwenye tangi bado ni la moto. Pengine mashine haijazimwa kabisa.

Ni rahisi kumlaumu baharia kwa hilo. Ila ana sababu: akizima, taa zinazimika, na dagaa waliokusanyika kwa saa mbili wanatawanyika. Hakuna kanuni ya usalama itakayomshinda samaki. Dawa yake ni ya bei ndogo. Chukua betri moja ndogo na taa moja ya LED, uiwashe kabla ya kuzima jenereta. Taa hiyo inawashikilia dagaa wakati unangoja mashine ipoe dakika 15, unajaza, unafuta kilichomwagika, unanusa ngamani, ndipo unawasha tena. Sigara na jiko vizimwe kabla ya dumu kufunguliwa. Afadhali zaidi, nunua jenereta ambayo tangi lake linamaliza usiku kwa mzigo wako, ujaze mchana ukiwa nchi kavu, na usibebe dumu la akiba la jenereta kabisa.

Umeme wenyewe nao usidharauliwe. Ni volti 230 juu ya mbao zilizolowa maji ya chumvi. Jenereta ndogo nyingi hazijaunganishwa na ardhi, hivyo kasoro ya kwanza kwenye waya haionekani. Taa zinaendelea kuwaka kama kawaida na breka haikatiki. Kasoro ya pili ndiyo inayompiga mtu shoti. Waya uwe wa mpira mgumu, viungio viwe vya kuzuia maji, na visilazwe kwenye sakafu ya chombo. Viungio vya selotepu ni vya nyumbani, tena hata huko havifai.

Ukiwa umeamua kununua, kati ya ile ndogo ya bei rahisi inayochanganywa oili na petroli na ile ya inveta yenye oili yake tofauti, chukua ya inveta. Jenereta ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika hata ukiwasha taa moja; ya inveta hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, inakula mafuta kidogo na kelele zake ni ndogo. Zenye uwezo wa kilowati moja hadi mbili zina uzito wa kilo 13 hadi 21, mtu mmoja anabeba. Moshi wake nao unaua, usidanganyike na ukimya. Ifungwe kwa kamba au mkanda isitembee. Kizima moto kiwe cha unga, kikae mahali ambapo hutalazimika kuuvuka moto kukifikia. Maji juu ya petroli inayowaka yanausambaza moto.

Betri na sola

Hapa hakuna mvuke wa petroli wala moshi, na kwa volti 12 hakuna shoti ya kuua. Hayo peke yake yangetosha, lakini hata mfukoni hesabu inakubali. Jenereta inayokula lita tano kwa usiku, kwa usiku 20 wa giza katika mwezi, imekula lita 100. Zidisha kwa bei ya petroli ya mwalo au diko lako, pale unaposhusha samaki, halafu nenda kaulize bei ya betri na paneli. Usisahau oili, plagi, na fundi wa kabureta.

Ila si betri yoyote. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kuwasha taa hadi iishe kila usiku, itakufa ndani ya miezi. Betri za sola za risasi, iwe ya maji au kavu, huhimili mizunguko mia kadhaa ikishushwa nusu, yaani kama miaka miwili ya uvuvi. Lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huhimili 2,000 au zaidi, na ina uzito usiofika nusu: kilo 11 hadi 13 dhidi ya 25 hadi 30. Bei yake ndiyo inayouma siku ya kwanza. Mimi ningeichukua hiyo, mradi si ile isiyo na jina iliyoundwa kwa seli za kompyuta mpakato zilizochakaa.

Hatari zipo, za aina nyingine. Spana ikidondoka kwenye nguzo mbili za betri, inawaka nyekundu. Kwa hiyo fyuzi iwekwe karibu kabisa na nguzo chanya, si kule kwenye taa, na nguzo zifunikwe. Betri ya maji ikiwa inachajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto kirahisi, kwa hiyo isichajiwe mahali pamefungwa. Na maji ya bahari yakiingia ndani ya betri ya asidi hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Kwenye ziwa jambo hili si kubwa, pwani ni kubwa. Betri ikae ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa kwenye mbao, juu ya usawa ambao maji ya ngama yanaweza kufika.

Paneli ziwekwe nchi kavu. Kwenye chombo zinavunjika, zinaangukiwa na kivuli cha turubai na nyavu, na zinapata chumvi. Paneli ya wati 150 kwa siku ya jua zuri inarudisha wati-saa 500 na kitu, sawa na zile taa tatu za mwanzo. Wakati wa masika haitafikisha. Na weka hesabu ya wizi: betri nzuri iliyoachwa chomboni mchana haina uhakika wa kukutwa jioni, kwa hiyo chagua yenye uzito ambao mtu anaweza kupanda nayo nyumbani.

Ziwani, ambako taa huelea zenyewe kwenye maboya mbali na chombo, betri inashinda bila ushindani. Kila boya lina taa na betri yake ndogo, hakuna waya wa kuvuta, na chombo kinabaki kitupu kwa ajili ya watu na samaki.

Dizeli

Dizeli haitoi mvuke wa kulipuka kwa joto la kawaida, na moshi wake una kaboni monoksidi kidogo kuliko wa petroli, ingawa upo. Tatizo ni uzito: jenereta ya dizeli ya kilowati tano, hata ile inayoitwa ya kubeba, inakaribia kilo 100. Inafaa jahazi au boti kubwa yenye mahali pake maalumu na bomba la moshi lililopitishwa nje kwa ufundi. Kama chombo chako kina injini ya ndani ya dizeli, kabla ya kununua jenereta muulize fundi kuhusu kufunga altaneta kubwa, kifaa cha kufua umeme kinachozungushwa na injini, pamoja na betri; mara nyingi umeme unaoutafuta unaweza kutoka kwenye injini ambayo tayari unailipia.

Kwa chombo cha namna gani

Mtumbwi au boti ya wazi ya dagaa wa ziwani, watu wanne hadi sita: betri, taa za LED, jenereta ibaki mwaloni. Chombo cha pwani cha nyavu kubwa chenye taa zinazozidi wati 600: jenereta ya petroli ya inveta, tezini au kwenye mtumbwi wake, pamoja na betri moja ndogo ya kushikilia dagaa wakati wa kujaza. Chombo chenye sitaha na chumba ambamo watu wanalala: dizeli iliyofungwa rasmi au altaneta, na kengele ya gesi; jenereta ya petroli ya kubeba isipande kabisa. Mashua ya utalii inayotaka friji ndogo na kuchaji simu za wageni ichukue betri kubwa ya lithiamu yenye inveta yake ndani, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Wageni hawatapenda kelele za jenereta, na watoto wao hupenda kuogelea nyuma ya chombo.

Na wewe uliyekwisha kununua jenereta usiiuze kwa hasara. Iache dikoni, ifanye kazi siku za mvua sola ikishindwa. Chaja ya ampea 20 inakula wati 300 na kitu, na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 iliyoisha inajaa kwa saa tano hadi sita, mchana, chombo kikiwa kimepumzika. Ila isiwashwe ndani ya banda la nyavu wala kwenye upenu wake, hata kama kuna mvua na mlinzi anaogopa kuibiwa. Mita sita kutoka mlango au dirisha lolote, bomba likielekea majini.